"Sijakula tangu asubuhi": kilo zinazoingia bila kuitwa chakula

Magharibi mwa Kenya, mtu hajala mpaka ale ugali. Anaweza kuwa amekunywa chai kwa mandazi mawili saa moja asubuhi, soda saa nne, smocha (chapati iliyokunjwa juu ya soseji ya smoki) saa saba na chai nyingine alasiri, lakini ukimuuliza jioni atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hajala tangu asubuhi. Hadanganyi. Kwake hivyo vyote vilikuwa vya kushikilia tumbo tu. Chakula ni kile kinachosongwa.

Mkanganyiko mwingi kuhusu unene unaanzia hapo. Watu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaona nguo zikiwabana, wanasikia redioni habari za kisukari na shinikizo la damu, kisha wanamtafuta mkosaji kwenye sahani ya jioni. Ugali unahukumiwa. Wengine wameuacha kabisa wakahamia chapati, na kilo zimezidi kupanda. Sahani ya jioni ndicho chakula pekee wanachokihesabu, kwa hiyo ndicho pekee wanachoweza kukilaumu.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauna ubishi. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watatu ana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2022 ulikuta takriban wanawake 45 kati ya kila 100, na wanaume 19. Makundi ya umri katika tafiti hizo mbili hayalingani sawasawa, lakini mwelekeo unaonekana. Utafiti huo huo wa 2022 ulionyesha pia kwamba watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo hayo mawili huweza kukaa chini ya paa moja: mama mzito na mtoto aliyedumaa, wote wakila kutoka sufuria moja yenye wanga na mafuta mengi lakini uhaba wa nyama, maziwa, kunde na matunda. Anayesema unene ni ugonjwa wa matajiri hajatembea Nyalenda wala Manyatta, mitaa ya mabanda ya Kisumu.

Maneno na vipimo

"Uzito uliozidi" na "unene wa kupindukia" ni viwango vya kitabibu, wala havitokani na jicho la jirani. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Mwanamke wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60 atapata 51.25 mara ya kwanza, na 32 mara ya pili. Hiyo 32 ndiyo namba ambayo kliniki huiandika BMI. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, ambao wengine huuita kiribatumbo. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu.

Namba hiyo ina kasoro. Haitofautishi misuli na mafuta, kwa hiyo mchezaji wa raga aliyejengeka anaweza kuhesabiwa mnene. Kwa mjamzito haitumiki. Mbaya zaidi, mwanamume mwembamba wa mikono na miguu, mwenye kitambi kinachotangulia, anaweza kupata 24 na kuambiwa hana neno, ilhali mafuta yaliyojazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga sukari na shinikizo la damu kuliko yale ya makalio na mapaja.

Ndiyo maana utepe wa fundi cherehani ni kifaa cha maana sana, tena cha bei ndogo. Simama wima, gusa ubavu wa mwisho chini, gusa juu ya mfupa wa nyonga, weka utepe katikati ya sehemu hizo mbili na uuzungushe mwili mzima ukiwa umelala sawa. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, kisha soma. Hatari huanza kupanda mwanamke anapofika sentimita 80 na mwanamume anapofika 94. Asiye na utepe akate kamba yenye urefu wake mwenyewe kutoka kisigino hadi utosini, aikunje katikati ibaki nusu, aizungushe kiunoni. Ikishindwa kukutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Kosa la wanaume wengi ni kupima pale mshipi wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, hivyo mtu anajiita kiuno cha 34 miaka kumi mfululizo huku tumbo likiendelea kumwagika juu ya mshipi.

Neno la mwisho ni kalori. Ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama gorogoro lilivyo kipimo cha mahindi. Kwenye lebo huandikwa kcal. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, ya protini 4, ya pombe 7, na ya mafuta 9. Kumbuka hiyo 9, tutarudi kwake. Mwanamke anayefanya kazi ya kukaa huhitaji kalori 2,000 hivi kwa siku, mwanamume 2,500 hivi, ingawa hubadilika kwa umri, mwili na kazi.

Ghala lisilofunguliwa

Katika boma la zamani kulikuwa na ghala la nafaka, dero kama wanavyoliita Waluo. Lilijazwa wakati wa mavuno, likapungua polepole hadi msimu wa njaa, likajazwa tena. Mafuta ya mwilini ni ghala la namna hiyo. Mwili ukipata zaidi ya unachotumia, unaweka. Ukipata pungufu, unachota. Kuweka mafuta si kasoro ya mwili. Ni kazi iliyowaokoa babu zetu.

Kilichobadilika mjini ni kwamba msimu wa kuchota haufiki. Kila siku ni mavuno madogo. Na ghala halijazwi na karamu ya Krismasi wala matanga ya siku tatu. Linajazwa na kijiko hiki na kipande kile, siku kwa siku.

Tuhesabu siku ya yule asiyekula tangu asubuhi. Tuseme ni mwanamke anayeuza katika duka la nguo katikati ya Kisumu. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ni kalori 120 hivi. Mandazi mawili ya kukaangwa, 400. Soda ya nusu lita, 210. Smocha, yaani chapati ndogo kuliko ya nyumbani iliyokunjwa juu ya smoki na kachumbari, ni kama 400. Alasiri chai nyingine ya aina ile ile, 120, na njugu za kukaanga za kiganjani, 170. Jumla 1,420. Akifika nyumbani anasonga ugali: unga gramu 150 kwa sehemu yake, ambao ni 540. Sukuma wiki iliyokaangwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta ni 150, na omena 200 hivi. Chakula hicho, kile pekee anachokihesabu, ni kama kalori 890.

Kwa siku nzima amepata zaidi kidogo ya 2,300, naye anatumia 2,000. Ziada ni 300. Ukimwambia apunguze ugali atapunguza, alale na njaa, na kesho saa nne atahitaji soda kubwa zaidi.

Kalori 300 zinafanya nini? Wapo wanaozidisha kwa siku 365 na kutoa namba za kutisha, kana kwamba mtu angenenepa bila kikomo. Mwili hauendi hivyo, kwa sababu mwili mzito nao hutumia nguvu zaidi kujibeba. Makadirio bora ni kwamba ziada ya kalori 100 kila siku, ikidumu, huishia kwenye kilo 4 hivi, nusu yake ikiingia mwaka wa kwanza na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Ziada ya 300 basi ni kama kilo 12. Ndiyo tofauti kati ya gauni la harusi na gauni la ubatizo wa mtoto wa kwanza, na hakuna siku hata moja ambayo mwenye mwili angesema alikula kwa pupa.

Upande wa kutumia nao umepungua. Kutoka mtaa wa Kondele hadi katikati ya mji wa Kisumu ni karibu kilomita tatu. Mtu wa kilo 75 akitembea kwenda na kurudi hutumia kalori 225 hivi zaidi ya alizokuwa atumie akikaa, sehemu kubwa ya ziada ile tuliyoihesabu hapo juu. Bodaboda na tuktuk zimeifuta safari hiyo kwa nauli ndogo. Mwendeshaji naye amebadilika: yule wa baiskeli aliyejaza mitaa ya Kisumu na Busia alikanyaga pedali akiwa na abiria nyuma, akiunguza mamia ya kalori kila saa. Wa pikipiki hukaa juu ya mashine saa kumi na mbili, na kwenye stendi jirani yake ni muuza smoki. Vitambi vya vijana wa bodaboda havikutoka kwa ugali.

Usingizi pia una mchango. Anayelala kwa muda wa saa tano tu kila usiku huamka na njaa zaidi, na njaa hiyo huelekea vitu vitamu na vya mafuta. Anayefunga duka usiku na kuamka alfajiri kupanda matatu ana haki ya kulijua hilo kabla hajajilaumu.

Mafuta ya kupima

Sasa turudi kwenye ile 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni gramu 14 hivi, karibu kalori 120. Ni sawa na vijiko saba na nusu vya sukari. Tofauti ni kwamba kijiko cha saba cha sukari kwenye kikombe kitamfanya mtu ateme, lakini kijiko cha pili cha mafuta kwenye sufuria hakuna anayekihisi ulimini. Kinaongeza ladha tu.

Familia ya watu watano inayomaliza lita tatu kwa mwezi inampa kila mmoja mililita 20 kwa siku, kalori 165 hivi. Ikifikisha lita tano, kila mmoja anapata mililita 33, kalori 270. Hizo lita mbili za nyongeza ndizo kalori 100 kwa kila kichwa kila siku, na tumeshaona 100 huishia wapi. Asiyenunua kwa lita, anayeenda kwenye mashine ya dukani kuchukua mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, ana shida nyingine: kile kilichokuja kwenye kikopo humwagwa chote kwenye sufuria, kiwe kinahitajika au la.

Chapati inaeleweka vizuri kwa hesabu hii. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa ngano hutoa chapati 25 hivi za nyumbani, yaani gramu 80 za unga kila moja, kalori 280. Ongeza mafuta ya kukandia, ya kupaka ndani unapokunja na ya kwenye kikaango, na mara nyingi umefika kijiko kikubwa kizima: kalori 400 kwa chapati moja. Mtu akila tatu kwa maharagwe amekula 1,200 kabla ya maharagwe. Sehemu ile ya ugali aliyoikimbia ilikuwa 540.

Na chipsi. Nakuru iko jirani ya viazi, Molo na Mau Narok, na shangi, aina ya kiazi, huiva upesi na hukaangika vizuri. Hakuna ajabu vibanda vimejaa. Kiazi cha kuchemsha kina kalori 85 hivi kwa gramu 100. Chipsi za uzito huo huo hufika 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Sahani ya gramu 250 ni 750, kabla ya soseji au kuku. Kiasi cha mafuta kinachoingia hutegemea mkaangaji. Vikikatwa vyembamba, sehemu ya kunyonya ni kubwa. Mafuta yakiwa hayajapata moto wa kutosha, nyuzi 170 hadi 180, kiazi hulowa badala ya kuiva. Kosa linaloonekana kila siku ni kujaza karai kupita kiasi wateja wanapokuwa wengi: moto unashuka, mafuta yanaacha kuchemka kwa nguvu, chipsi zinatoka laini na zenye kung'aa, na karatasi ya kufungia inalowa mafuta kabla hujafika stendi. Chipsi nene, zilizokaangwa kidogo kidogo na kuachwa kwenye chujio dakika mbili, hubeba mafuta machache zaidi.

Nani anauza kile kisichohesabiwa

Hapa ndipo biashara inapoingia, na nadhani ndipo mazungumzo yetu kuhusu unene yanapokuwa ya woga kupita kiasi. Mtu mzima akinenepa tunamwambia ajizuie. Hatusemi kwamba kuna watu walioajiriwa, wenye elimu nzuri, kazi yao ni kuhakikisha hajizuii.

Tazama duka la kawaida mtaani. Limepakwa rangi ya kampuni ya soda, na jina la mwenye duka limeandikwa dogo chini ya nembo. Kazi hiyo huwa bure kwa mwenye duka. Malipo ni ukuta wake. Friji iliyo mlangoni mara nyingi si yake, ameachiwa na kampuni ajaze vinywaji vyao, na maji, yakiwepo, yanakaa rafu ya chini. Friji hukaa mlangoni ili mtu aone chupa yenye jasho la baridi kabla hajakumbuka alikuja kununua sabuni. Kwenye supamaketi, peremende na vinywaji vya watoto viko kando ya mtunza fedha, kwenye kimo cha macho ya mtoto wa miaka minne, mahali ambapo mama amesimama kwenye foleni na hana pa kukimbilia.

Ukubwa wa chupa nao umefikiriwa. Ndani ya soda, maji na sukari ni gharama ndogo; pesa nyingi ziko kwenye chupa, usafiri na matangazo. Kuongeza mililita 200 kunamgharimu muuzaji kidogo sana, kwa hiyo anaweza kuuza chupa kubwa kwa bei iliyozidi ya ndogo kwa shilingi chache, na mnunuzi mwenye akili ya kubana matumizi ataona ni hasara kuchukua ndogo. Soda ya kola ina takriban gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina vijiko vya chai vinane. Ya nusu lita ina kumi na tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi vijiko kumi na viwili hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ingefaa isizidi sita. Na sukari iliyo ndani ya maji haishibishi kama ile ya embe lililotafunwa. Mtu akinywa kalori 210 hapunguzi kalori 210 kwenye chakula kinachofuata.

Halafu kuna lebo, na lebo nyingi hazisemi uongo. Husema ukweli usio na maana. "Haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya mimea ni kweli, kwa sababu hakuna mmea unaotoa kolesteroli ya kutajika. Kalori 120 za kijiko ziko pale pale. "Imeongezewa vitamini" kwenye unga na mafuta ya kupikia ni sharti la sheria nchini tangu 2012, kampuni zote zinatakiwa kulitimiza, wala si zawadi. Picha ya embe lililokatwa kwenye pakiti ya kinywaji haikuambii kuna embe kiasi gani ndani. Geuza pakiti usome viungo: huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kizito kwanza. Yakitangulia maji na sukari, umenunua maji na sukari. Kisha tafuta gramu za sukari kwa mililita 100, uzidishe hadi ufikie ujazo wa chupa, ugawe kwa nne. Hivyo ndivyo vijiko. Angalia mtego mmoja: sehemu nyingine huandika kiasi cha "kipimo kimoja", mililita 200 au 250, huku wewe ukishika chupa ya 500.

Kuna utafiti unaostahili kuelezwa hapa. Mwaka wa 2009 mtafiti wa Brazil, Carlos Monteiro, alipendekeza vyakula vigawanywe kwa kiwango cha usindikaji, na kundi la mwisho likaitwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi: soda, soseji za viwandani, biskuti, krispi, tambi za papo hapo, vilivyoundwa kwa viambato ambavyo huwezi kuvikuta jikoni. Watu waliuliza: je, tatizo ni usindikaji wenyewe au sukari na mafuta tu? Mwaka wa 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wiki mbili wakila vyakula hivyo na wiki mbili vyakula vya kawaida. Meza zote mbili ziliandaliwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana, na kila mtu akaruhusiwa kula apendavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku, walikula haraka zaidi, na waliongeza karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua kwa kiasi kama hicho. Watu ni wale wale, na nia yao ni ile ile. Kilichobadilika ni kilichowekwa mezani.

Nchi nyingine zimeshughulikia meza. Mexico ilianza kutoza soda peso moja kwa lita mwaka 2014. Chile tangu 2016 huweka alama nyeusi ya pembe nane kwenye pakiti yenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, na imezuia bidhaa hizo kutangazwa kwa watoto. Afrika Kusini ilianza ushuru wa vinywaji vya sukari 2018. Kenya haikosi mfano wake: sheria ya 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa sababu mama aliyetoka kujifungua asiwe windo la muuzaji. Na Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Mtoto wa miaka sita anayeimba tangazo la kinywaji kuliko anavyojua jedwali la mbili anastahili ulinzi wa aina hiyo hiyo, na sioni sababu ya kulizungumza hilo kwa sauti ya chini.

Hofu ya kukonda

Jambo moja la kwetu halimo katika vitabu vya nje. Nyanza na Magharibi zilipoteza watu wengi kwa ukimwi miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, na ugonjwa ule ulionekana kwanza kwa kukonda. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau. Hadi leo mtu akipungua kilo sita, mashangazi wananong'ona, na mkwe anapiga simu kuuliza kama kuna amani nyumbani. Akinenepa, anasifiwa kwamba mji umempokea, au kwamba mke anamtunza. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kliniki apunguze uzito anaombwa abebe tuhuma. Wengi huacha njiani kwa sababu hiyo, wala si kwa ulegevu. Inasaidia kuwaambia wa nyumbani mapema, kwa maneno wazi: daktari amesema shinikizo limepanda, napunguza kilo saba, msishtuke.

Yasemwayo mengine yanajibika kwa ufupi. Ugali wa usiku haugeuki mafuta kwa kuwa ni usiku. Kinachohesabiwa ni siku nzima, ingawa anayekula mara moja kwa kishindo saa tatu usiku huwa anakula zaidi. Maji ya ndimu hayayeyushi mafuta; yakichukua nafasi ya soda yanasaidia, kwa sababu soda imeondoka. Mikanda ya kutoa jasho hupunguza maji, na kilo hurudi kwa bilauri mbili. Chai za kupunguza tumbo mara nyingi zina sena, mmea wa kuharisha: zinatoa maji na madini ya potasiamu, mafuta yanabaki, na anayezitumia kwa muda anaweza kupata udhaifu wa misuli na mapigo ya moyo yasiyo sawa. Sindano zinazotajwa sana, kama Ozempic, ni dawa halisi iliyoundwa kwa kisukari na hupunguza uzito kweli, lakini huandikwa na daktari, na wengi wakiacha uzito mwingi hurudi ndani ya mwaka. Zinazouzwa mitandaoni bila cheti cha daktari ni za kuogopwa.

Wapi pa kuanzia

Anza na visivyohesabiwa, ugali uuache kwanza. Vijiko vitatu vya sukari kwenye chai vipunguze hadi viwili na nusu wiki hii, viwili baada ya wiki mbili, hadi ufike kimoja. Ukishuka ghafla utachukia chai na kurudi. Vikombe viwili kwa siku, vijiko viwili pungufu kila kimoja, ni kalori 64. Soda ya kila siku iwe ya Jumapili: umeokoa kama 180 kwa wastani wa siku. Mandazi mawili yawe moja na yai la kuchemsha. Yai lina kalori 75 hivi zikilinganishwa na 200 za andazi, nalo litakufikisha saa saba bila kutafuta cha kutafuna. Nduma, viazi vitamu vya kuchemsha au nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) ya jana ni bora zaidi kuliko mandazi, na sokoni Kibuye havikosekani.

Mafuta usiyamwage kutoka kwenye chupa. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua, tumia kijiko, na uone inaisha lini. Omena ioshwe kwa maji ya moto, ikaangwe kavu kwanza kwenye sufuria mpaka ianze kulia, ndipo vitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta viingie, ladha haipotei. Mrenda, kunde, managu na sageti havikuwahi kuhitaji mafuta mengi. Bibi zetu walivipika kwa munyu na maziwa. Kwenye sahani, mboga zichukue nusu, ugali robo, samaki au maharagwe robo. Unga wa posho mill usiokobolewa, au wa wimbi na mtama, una nyuzinyuzi zaidi na hushibisha kwa tonge chache.

Kutembea: dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa, nusu saa siku tano. Shuka stendi moja kabla. Palipo giza au pasipo njia ya miguu, mama asiambiwe atembee usiku kwa ajili ya kiuno. Nusu saa ya mchana wakati wa chakula inatosha.

Usilenge mwili wa ujana. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9, shinikizo na sukari yake hushuka kwa kiasi ambacho kipimo kinaonyesha, hata kama bado anaonekana mnene machoni pa watu. Mwendo wa nusu kilo kwa wiki ni mzuri, na kuna wiki mizani haitasogea kwa sababu ya maji mwilini tu. Hizo wiki pima kiuno.

Wahudumu wa afya ya jamii waliosambazwa nchini tangu 2023 walipewa mkoba wenye mashine ya shinikizo na ya sukari. Wa kijiji au mtaa wako muombe aje asubuhi kabla hujanywa chai. Shinikizo likiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, lipimwe tena siku nyingine kabla ya kukata shauri. Sukari ya kufunga ikifika 7.0, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo kwa kipimo cha kuthibitisha. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, kisukari hakijafika, na hapo ndipo kijiko cha chai na chupa ya mafuta vina kazi kubwa zaidi ya kufanya.